Njia Moja Niliyomwambia Baba

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Kwa miaka mingi nilikaa Kakuma kwenye ofisi ya mabati, katikati ya karani na mtu aliyekuja na shida yake, nikigeuza Kiturkana kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiturkana. Siku ya kwanza kazini tuliambiwa tusiongeze wala tusipunguze. Mtu akimtukana karani, mtukane karani. Nilikuwa hodari katika hilo, na nilijivuna. Baadaye nilihamishiwa Lodwar, nikapata meza yangu mwenyewe na nyumba ya kupanga yenye sakafu ya vigae. Ninayataja haya mapema ili nisije nikahurumiwa. Nililomfanyia baba yangu sikulifanya kwa kutojua kazi.

Baba hakuhama. Alibaki nje ya Kakuma, ng'ambo ya mto mkavu wa Tarach, kwenye boma lililozingirwa na miti ya mathenge. Alikuwa msomaji wa matumbo. Mbuzi akichinjwa kwa shughuli ya watu, wazee walimngoja yeye atandaze utumbo juu ya majani, atazame vimishipa vinavyotambaa humo, aseme mvua imekaa wapi na ugonjwa unatokea upande gani. Mimi nilisomea shule ya misheni, nikajifunza kulionea haya jambo hilo. Wanafunzi wenzangu waliponiuliza baba yako anafanya kazi gani, nilisema anafuga.

Mguu wake wa kulia ulianza kumsimamisha njiani. Mtu aliyezoea kutembea kutwa nzima nyuma ya ngamia alikuwa sasa akienda kidogo tu, shavu la mguu linakaza, anasimama, anajifanya anahesabu mbuzi. Wenzake wakamtania kwamba amekuwa ofisa wa serikali, kazi yake ni kusimama na kukagua. Akacheka nao. Halafu mwiba ukamchoma kidole cha mguu, na kile kidonda kikakataa kufunga, wiki kwa wiki, mpaka kidole kikaanza kuwa cheusi. Nilipopigiwa simu nilisema nitatuma marhamu. Nikatuma marhamu. Ilipita miezi miwili kabla sijamleta Lodwar, na hata hapo ni mke wangu aliyenisukuma.

Tulimpeleka kwanza Eldoret akapigwa picha ya mishipa ya miguu, tukarudi Lodwar kungoja bingwa wa kuisoma. Baba alikaa kwangu siku tisa. Ninazikumbuka zote tisa kwa sababu nilikuwa nazihesabu. Alikikataa kitanda, akalala kwenye vigae, kichwa juu ya kile kigoda chake kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hatoki nyumbani bila hicho. Tumbaku aliyotafuna aliitemea kwenye sinki. Asubuhi alitoka amejitanda shuka moja tu, akasimama langoni akiwasalimu wapangaji wenzetu waliokuwa wakienda kazini, "Ejok! Ejok!", na wao wakapita upesi wakitazama simu zao.

Jumapili moja mkubwa wangu wa ofisi alipita kunisalimu, mtu wa huko chini tunakokuita Kenya kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Baba alimkaribisha vizuri, akamuuliza ana mifugo mingapi. Hana hata mmoja. Baba akasikitika, akamshika mkono, akamwambia kwa upole mrefu kwamba umaskini si aibu, na kwamba akifika Kakuma watu wa boma watamchangia mbuzi wa kuanzia.

"Anasemaje?" mkubwa wangu akauliza.

"Anasema amefurahi kukuona," nikajibu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupunguza maneno ya mtu, na ilikuwa rahisi mno. Ningeweza kuyasema yote, yule bwana angecheka, na pengine leo angekuwa rafiki wa baba. Lakini nilikuwa nimeona haya mpaka masikioni. Baada ya mgeni kuondoka nilimwambia baba asiwaulize watu habari za mifugo. Akasema sawa, akauliza basi watu hapa huulizana nini.

Bingwa alikuja siku ya kumi. Alikuwa daktari wa mishipa aliyefika Lodwar kwa siku chache kila baada ya miezi kadhaa, mwanamume mpole, mchovu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliposikia kazi yangu alifurahi.

"Basi leo nimepata bahati," akasema. "Wewe utamwelezea mzee vizuri kunishinda."

Akachora mguu kwenye karatasi. Mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umeziba kuanzia katikati ya paja mpaka chini ya goti, kipande kirefu, na damu kidogo iliyofika chini ilipenya kwa vimishipa vya kando. Ndiyo maana kidonda hakikupona. Ukiachwa hivyo, alisema, mguu huo utakatwa.

"Sasa kuna njia mbili. Ngoja nikueleze zote, halafu umwambie. Ya kwanza ni upasuaji. Tunachukua mshipa mwingine kwa mguu wake mwenyewe, ile ya juujuu ambayo mwili unaweza kuishi bila hiyo. Tunaushona juu ya pale pameziba na chini yake, damu inapita kando. Umefika Katilu? Mfereji wa shamba ukijaa mchanga, wanachimba mwingine pembeni, maji inazunguka. Ni hivyo."

Hakuificha shida yake. Ni kazi kubwa, alisema, ya nusukaputi na mikato mirefu. Moyo unachoshwa, na vidonda vinaweza kuingia wadudu. Mgonjwa hukaa wodini wiki moja, pengine mbili, na akitoka lazima awe karibu na hospitali mwezi mzima au zaidi, vidonda vioshwe na mguu utazamwe.

Njia ya pili haikuwa na kisu. Wangetoboa tundu dogo kwenye kinena, wapitishe waya mpaka palipoziba, wapulize kiputo kufungua njia, kisha waache ndani kibomba cha wavu wa chuma kinachoitwa stenti, kizuie mshipa usijifunge tena. Mgonjwa anakuwa macho. Kesho yake au keshokutwa anatoka, na baada ya siku chache anaweza kurudi kwake na vidonge vyake.

"Ingekuwa kipande kifupi," daktari akasema, "ama moyo wake uwe dhaifu, ama hana mshipa mzuri wa kutumia, ningekuambia stenti bila kusita. Lakini huyu moyo wake uko sawa, na mshipa wake tumeona ni mzuri. Kipande kikiwa kirefu hivi, stenti mara nyingi huziba mapema kuliko mshipa wa mtu mwenyewe. Hakuna iliyo na uhakika. Mimi kwa huyu mzee naegemea upasuaji. Lakini mguu ni wake. Achague yeye."

Yote hayo niliyasikia vizuri, na ninaweza kuyarudia leo kama unavyoona. Lakini siku ile neno moja lilikaa masikioni kuliko mengine, nalo ni mwezi. Mwezi mzima wa kigoda kwenye vigae, na sinki, na shuka langoni, na mkubwa wangu akija tena. Mke wangu alikuwa ameshatoa vitu kwenye chumba cha nyuma na kutandika godoro kwa ajili yake, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Ningependa kuandika kwamba niliogopa kisu kwa niaba ya baba. Kisu sikukiogopa.

Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiturkana: "Apa, daktari anasema njia ya damu imeziba. Watapitisha waya kuifungua, waweke kitu cha kuishikilia. Hukatwi popote. Utarudi nyumbani upesi."

Baba alimtazama daktari, akanitazama mimi. "Yeye amesema maneno mengi. Wewe umesema machache."

"Ni maneno ya hospitali, Apa. Wanapenda kuzunguka."

"Na yeye anaona hiyo ni nzuri?"

"Anaona ni nzuri."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

"Basi nimekubali," akasema. "Hapa mdomo wangu ni wewe."

Daktari alikuwa akingoja. "Ameelewa zote mbili?"

"Ameelewa."

"Na anataka gani?"

"Stenti."

Alikunja uso kidogo, akatazama tena picha. "Sawa, ni haki yake," akasema, akaandika. Baba akaweka kidole gumba mahali nilipomwonyesha.

Njiani kurudi nilijiambia kwamba asingeelewa hata kama ningemweleza. Mzee wa porini, utamwelezaje habari za kushona mshipa juu ya mshipa? Huo ulikuwa uongo mwingine, wa pili kwa siku moja. Baba alikuwa ametazama mishipa ya wanyama maisha yake yote kwa makini kuliko mimi nilivyowahi kutazama kitu chochote. Kati ya sisi wawili, ambaye asingeelewa ni mimi. Nyumbani mke wangu aliuliza daktari amesema nini, nikamwambia amesema stenti. Akaenda kulikunja godoro.

Tulipanda tena barabara ya Kitale. Kalemng'orok tulinunua maji, Kainuk askari wa kizuizi cha barabarani walimteremsha kila mtu isipokuwa baba, na baba akaona ni heshima. Kule juu Eldoret walimwekea stenti bila tatizo. Alikuwa macho, na akaniambia baadaye kwamba aliusikia mguu ukipata joto, akawaza amekojoa. Siku ya nne alikuwa kwangu, ya saba alikuwa Kakuma. Kidonda kilifunga. Nilipoenda kumwona baada ya miezi miwili alitembea nami mpaka kwenye kisima bila kusimama, akirusha ile fimbo yake, na mimi nikatembea kando yake nikiwa na furaha chafu. Nilijisemea: unaona? Ulimchagulia vizuri.

Vidonge nilimtumia kila mwezi kwa gari la abiria, na alivimeza. Tumbaku aliacha nusu. Mvua fupi ilipokwisha mguu ulianza tena kukaza, lakini hakusema, kwa sababu alikuwa amewatangazia watu wote kwamba amepona na hakutaka kuniaibisha. Hilo aliniambia mwenyewe, kwamba hakutaka kuniaibisha. Siku mguu ulipopoa kabisa na vidole vikawa na rangi ya jivu, barabara ilikuwa imekatwa na maji ya mvua ndefu kati ya Kakuma na Lodwar. Alifika siku ya pili yake. Stenti ilikuwa imeziba kutoka mwanzo mpaka mwisho na hapakuwa na cha kuokoa. Walimkata chini kidogo ya goti.

Daktari mmoja wa pale aliniambia, nilipomuuliza, kwamba hata mshipa wa kushonwa ungeweza kuziba, huwa inatokea. Najua. Nimelitumia neno hilo kama blanketi mara nyingi, na ni fupi, kila nikivuta upande huu miguu inabaki nje. Huenda angeupoteza mguu kwa njia yoyote. Lakini ungekuwa mguu alioupoteza yeye kwa uamuzi wake, na mimi nilimnyang'anya uamuzi huo ili nyumba yangu isinuke tumbaku.

Basi akaja kukaa kwangu, si mwezi, miezi mitano. Nilichokimbia kilinifuata mpaka sebuleni. Na nikuambie kitu kilichoniumiza zaidi: hakikuwa kibaya. Wapangaji walizoea kumsalimu. Mkubwa wangu alikuja kumpa pole, akakaa naye saa nzima, mimi nikiwa katikati nikigeuza kila neno, na baba akamuuliza tena kama ameshapata mbuzi. Safari hii nililisema. Yule bwana alicheka mpaka akatoa miwani. Mke wangu alimtafutia kopo la kutemea na mambo ya sinki yakaisha siku hiyohiyo. Kumbe ilikuwa kopo tu.

Kila aliyekuja kumwona, baba alimwambia habari zangu. "Bila huyu ningekuwa nimekufa," alisema. "Kule hospitali mimi ni kama bubu. Huyu alikaa mbele ya daktari akanisemea." Nilikuwa nikiinuka kwenda jikoni kutafuta chai isiyohitajika. Mara tatu nilimfuata uani alipokuwa peke yake, nikafungua mdomo. Mara ya kwanza niliishia kumuuliza kama magongo yanamuumiza kwapani. Mara ya pili niliuliza kama anataka maji. Mara ya tatu alinitangulia, akasema, "Unaonekana umechoka, mwanangu, kazi yako ni ngumu," nami nikasema ndiyo, ni ngumu.

Akarudi Kakuma na magongo yake. Mwaka ukapita. Halafu siku moja gari la abiria likamshusha mbele ya lango langu, hajapiga simu, na nyuma yake akashuka mzee mwenzake wa rika, jirani wa boma la pili, ambaye wamechunga pamoja tangu utotoni. Alikuwa akichechemea, kidole cha mguu kimefungwa kitambaa.

"Nimekuletea mtu," baba akasema. "Ni ugonjwa uleule. Nimesikia yule daktari wa mishipa yuko wiki hii. Msemee kama ulivyonisemea mimi."

Mzee yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kabla sijafanya kitu.

Picha ya mishipa yake ilikuwa imeshapigwa Eldoret. Tuliingia wote watatu, maana baba alikataa kubaki nje. Daktari alikuwa yuleyule. Alimtambua baba, akatazama mguu, akasema pole sana mzee, na pole hiyo niliifikisha. Halafu nikamwambia daktari kwa sauti ya chini kwamba pengine ni bora tumwite muuguzi anayejua Kiturkana, koo langu si zuri leo.

"Umemwambia nini?" baba akauliza.

"Nimesema muuguzi anaweza kuwasemea."

"Muuguzi wa nini?" Akamgeukia mwenzake. "Mtu ana mtoto wake."

Daktari akatoa kalamu na kuchora mguu. Kipande kilichoziba kilikuwa kirefu, moyo wa mzee ulikuwa sawa, mshipa wake ulikuwa mzuri. "Kuna njia mbili," akasema, akaningoja nitafsiri.

Ningeweza. Sitadanganya kwamba halikunipitia kichwani. Sentensi tatu, kidole gumba, na baba yangu angeendelea kunisifu mpaka afe. Lakini aliyekaa mbele yangu alikuwa na mguu wake bado, ameuweka juu ya kiti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na hakuwa amenikosea chochote.

"Kuna njia mbili," nikasema kwa Kiturkana.

Nikaeleza ya kwanza, neno kwa neno: mshipa wa mguu wake mwenyewe, kushonwa juu na chini, damu kupita kando, mikato, wodi, mwezi wa kukaa karibu. Nikaeleza ya pili. Nikasema ile ya pili ni nyepesi, na kwamba kwa kipande kirefu huziba mapema, na kwamba daktari kwa mtu kama huyu anaegemea ya kwanza. Yule mzee aliuliza maswali mazuri. Kama mshipa ukitolewa, pale ulipotoka patakuwaje? Akiamka na maumivu atapewa nini? Daktari alijibu yote na mimi nikayafikisha. Sikumtazama baba. Nilisikia tu kwamba ameacha kutafuna.

Kisha akasema, polepole, "Hiyo ya kushona mshipa. Ni mpya? Imekuja mwaka huu?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Nilijua hivyo alipokuwa bado anauliza, kwa sauti yake, alivyoilainisha.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anauliza kama njia ya upasuaji ni mpya."

"Hapana," daktari akasema. "Ni ya zamani hata kuliko stenti. Si hata yeye nilimwambia siku ile? Nilimpa zote mbili, akachagua stenti."

Nikageuka kwa baba. Maneno ya Kiturkana yalikuwepo yote, hakuna lililonipotea.

"Anasema si mpya. Anasema siku ile alikupa njia mbili, nawe ukachagua waya."

Baba akautazama ule mchoro mezani. Akanyoosha mkono akaushika mguu wa mwenzake juu ya kile kitambaa.

"Usijibu kwanza," akamwambia. Halafu akaniambia mimi, "Kamwite huyo muuguzi. Aje amweleze huyu upya, tangu mwanzo."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema nikamwite muuguzi, amweleze huyu mzee upya, tangu mwanzo."

"Kwa nini? Si umeshaeleza vizuri?"

"Kwa sababu siku ile sikumwambia zote mbili," nikasema. Nikalirudia kwa Kiturkana ili baba alisikie kwangu, kisha nikatoka kwenda kumtafuta muuguzi.